Mkate wa Antigamo

Thesaloniki, 9 Februari 1984

Shangazi yangu Urania,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya mwaka mpya, ambayo nilichelewa kuileta. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetukamata kisawasawa. Stergios analala na soksi zako za sufu na kuamka nazo. Anasema ndicho kitu pekee alichopata Krete baada ya kumwoa Mkrete, kwa hiyo havui hata aambiwe nini. Goti lako je? Na yule mbuzi mwizi wa maua bado anaruka ukuta? Padri bado anaimbia puani?

Habari za nyumba ya juu siulizi. Tangu siku ile nilipokuja kumwambia baba kwamba tumeoana kwa meya, bila padri na bila mataji ya harusi, na yeye akanifungulia nusu ya mlango, nimejifunza kutouliza. Wewe nawe umejifunza kutonieleza. Sawa.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Unajua kazi yangu ni kamusi, hii ya Kiingereza ya watoto wa shule. Mwezi huu nimepewa kiambishi kimoja tu, kile kinachokaa mbele ya neno: anti-. Waingereza hukibandika mbele ya kila wasichokitaka. Antibiotiki za kuua vijidudu, wapinga vita, maji ya kuzuia injini isigande, wote hao wanatanguliwa na anti-. Mkubwa wangu, mzee Lazaros, amepita mezani kwangu akasema, "Binti, andika 'kupinga', weka nukta, nenda neno linalofuata."

Nikamwambia, "Mzee, hicho ni chetu. Wamekiazima kwetu."

"Najua ni chetu. Kwani nimekuuliza?"

"Basi huwezi kuwaeleza watoto wa Kigiriki koti alilovaa mgeni bila kuwaambia kwamba lilishonwa nyumbani kwao, na kwamba mgeni analivaa ndani nje."

Alicheka, jambo ambalo si la kila siku. Akanipa mpaka mwezi wa Mei, kwa sharti nilete maneno yanayosemwa na watu walio hai, siyo ya kufukua makaburini. Kwa hiyo nakuomba, shangazi. Nitafutie maneno ya kwetu yenye anti- ambayo hayana ugomvi ndani yake.

Na lingine nalisema hapa hapa, lisije likakufikia kwa watu. Stergios amepata kazi ya uchapaji Melbourne, kwa binamu yake. Tunaondoka Septemba, na Australia si mahali pa mtu kurudi kila Pasaka. Natamani kukiona kijiji chetu cha Aspri Petra kabla sijaondoka. Lakini siwezi kuja kusimama tena mbele ya nusu ya mlango.

Wako akupendaye,
Rodanthi


Aspri Petra, 2 Machi 1984

Rodanthi mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi tulimla Krismasi na alikuwa mgumu, hata kufa alikufa kwa ukaidi. Padri ana mafua, kwa hiyo sasa anaimbia puani kwa sababu ya haki. Mlozi wa uani umechanua mapema na mimi naogopa baridi itaurudia.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama desturi yangu, maana macho yangu husoma vizuri masikio yakiyasaidia. Nilipofika pale pa Melbourne nikaikunja nikaenda kulisha kuku. Sina la kusema juu ya Melbourne. Nikipata nitakwambia.

Neno lako la kwanza hili hapa, na ungelikumbuka mwenyewe kama hungeacha kwenda kanisani: antidoro. Jumapili mwanamke anaoka mkate, anaugonga muhuri, anaupeleka madhabahuni mzima. Mwisho wa ibada padri anasimama mlangoni na kuwagawia watu vipande mkononi. Umetoa mkate mzima, umerudishiwa kipande cha kumeza mara moja, na sijaona mtu aliyelalamika. Ndiyo maana yake, zawadi inayorudi badala ya zawadi. Hapo ugomvi uko wapi? Ni kama sahani ya Bi Stamatia wa jirani. Alinipa maboga mwaka juzi, nikamrudishia sahani na jibini, akanirejeshea na konokono, na mpaka leo sijui sahani ile ni ya nani. Kumrudishia mtu sahani tupu ndiyo ugomvi.

Mwambie mzee wako Lazaros kwamba mimi ni mtu aliye hai.

Nyumba ya juu ina dari na moshi unatoka, kama nyumba nyingine.

Shangazi yako,
Urania


Thesaloniki, 20 Machi 1984

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole ya goti, na pole ya mbuzi. Hapa theluji imeyeyuka na barabara ni tope tupu. Mama mkwe ametuletea samaki wa kukaanga na maneno mengi, samaki tumewamaliza.

Antidoro nimeiweka ya kwanza kabisa. Mzee Lazaros ameisoma akasema, "Huyu shangazi yako ana dada?" Nimemwambia hana.

Ngoja nikupe nilichokipata mimi, maana siwezi kukaa nacho peke yangu. Wataalamu wa lugha za kale wanasema hapo mwanzo kabisa, kabla hata ya Wagiriki kuwa Wagiriki, mzizi wa anti- ulikuwa na maana ya paji la uso. Paji la uso tu, shangazi! Kitu kilicho mbele ya paji lako la uso ndicho kilicho anti-. Warumi wana ndugu yake, ante, mwenye maana ya mbele au kabla. Waingereza wakawachukua ndugu wote wawili, na watoto wa shule wanawachanganya hadi leo. Kwetu kilianza na kutazamana. Wawili wakitazamana wanaweza kubadilishana vitu, na hapo ndipo penye zawadi yako na sahani ya Bi Stamatia. Mmoja akiondoka, mwingine anaweza kushika nafasi yake. Kupigana ni maana iliyokuja baadaye, ikawa na kelele kuliko zote, na ndiyo Waingereza wanayoitumia zaidi. Lakini hata wao wanazo zile za kale bila kujijua. Nchi ya barafu ya kusini wanaiita Antaktika, yaani iliyoelekeana na nyota za Dubu wa kaskazini. Na neno lao la wimbo wa taifa, anthem, ukilikwangua, unakuta waimbaji wa kanisani wa upande huu wakiwaitikia wa upande ule.

Nilimsomea Stergios haya akinyoa ndevu. Akasema, "Kwa hiyo Mwingereza alikuta watu wawili wanatazamana, akadhani wanapigana."

Nimekaa na silabi hizi mbili wiki nzima kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kumshika. Nashangaa jinsi kitu kidogo hivi kinavyobeba upendo, biashara na vita, na hakivunjiki. Niletee mengine, tafadhali, kama yapo.

Wako,
Rodanthi


Aspri Petra, 11 Aprili 1984

Rodanthi,

Salamu kwako na kwa mvaa soksi. Nimemtengenezea nyingine, lakini mwambie hizi azivue siku ya kuoga. Sisi tuko kwenye mfungo, tunakula majani ya porini na zeituni, na kila mtu ana hasira ila mimi. Mlozi umepona.

Maneno haya. Yaandike kama nilivyoyaandika, usiyapambe.

Antilalo. Ni sauti inayokurudia kwenye korongo. Lakini korongo la kwetu halirudishi sauti ya mtu asubuhi, hurudisha kengele peke yake, na kengele nzito kabla ya nyepesi. Mchungaji akisikia kengele moja mara mbili anajua kondoo yuko ng'ambo, siyo upande huu.

Antilia. Ni mwanga wa jua unaopiga mwamba uliolowa ukakurudia machoni. Asubuhi, upande wa juu ya zizi, huwezi kutambua kondoo wako mpaka uvute kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi.

Antikristo. Na usimwache mchapaji wako aikosee ikawa yule adui wa Kristo. Ni nyama. Mwanakondoo anakatwa vipande vinne, anatiwa chumvi tu, anachomekwa kwenye vijiti vilivyosimama kuuzunguka moto. Nyama inautazama moto na moto unaitazama nyama, wala havigusani. Upepo ukigeuka, unageuza vijiti, siyo moto. Mwenye haraka ale jibini. Si kazi ya mkono, ni kazi ya kukaa.

Na hili lisiingie kitabuni: antio, tunayosema tukiagana. Watu wanadhani ni la ukoo huu kwa sababu limevaa nguo zake. Si la ukoo. Waliliacha Waveneti wa Italia, pamoja na ngome zao, walipoondoka. Aliyesimama mlangoni siku ile akalisema, alisema neno la wageni. La kwetu hakulisema, kwa hiyo halihesabiki.

Usiniulize nimeyatoa wapi.

Urania


Thesaloniki, 2 Mei 1984

Shangazi yangu,

Kristo amefufuka, na shikamoo. Tulipasua mayai mekundu kwa mama mkwe, langu likayavunja yote na nikasifiwa kinafiki. Joto limeanza. Paspoti tumeshapata, na Stergios amenunua begi kubwa jekundu ambalo sipendi kulitazama.

Shangazi, hukunikataza kufikiri. Wewe ukiona kuku anachinjwa unaingia ndani. Hujawahi kupanda juu kupita birika la maji, unasema korongo linakuvuta miguu. Na hapa unaniambia kengele ipi hutangulia! "Si kazi ya mkono, ni kazi ya kukaa." Nilikuwa na umri wa miaka saba, nilikuwa nalia kwa njaa kando ya moto, na maneno hayo niliambiwa na mtu mmoja tu duniani.

Sikuulizi. Nimeyaandika kama yalivyokuja, bila pambo. Ila nilipofika kwenye antio ilibidi nitoke nje ya ofisi. Mzee Lazaros alinikuta kwenye ngazi, akanipa leso yake, akasema hajawahi kuona kiambishi kikimliza mtu.

Limebaki neno moja. Nilipomwonyesha aliuliza, "Antigamo ni nini, mtu asiyetaka ndoa?" Yeye ni mtu wa mjini, si kosa lake. Nikamweleza: kwetu, Jumapili inayofuata harusi, wazazi wa bibi harusi wanarudisha karamu. Ni harusi ya pili, ya kuijibu ile ya kwanza. Baba anatuma mkate wa duara wenye nakshi, na mpaka mkate ule ufike wawili hao hawakanyagi kizingiti chake. Ukifika wanauleta, wanaumega pamoja mlangoni, ndipo baba anawakalisha mbele yake na kuwakatia nyama kwa mkono wake.

Nimeyaandika yote hayo, na hapo kalamu imekwama. Nimeshahudhuria antigamo za wenzangu wote. Nataka maneno ya mtu anayejua inavyokuwa kwa baba. Mzee Lazaros ameniongezea muda mpaka Agosti. Kama kuna mtu yeyote pale mezani kwako unapokuwa unasoma kwa sauti, muulize kwa niaba yangu.

Rodanthi


Aspri Petra, 29 Mei 1984

Mwanangu,

Kweli amefufuka. Cherehani imevunjika, kuku wanataga vizuri, Bi Stamatia ameleta ile sahani ikiwa na cheri.

Nimechoka na mchezo huu, nitasema wazi. Kaka yangu huja kwangu kunywa kahawa tangu mama yako afariki. Tangu barua yako ya Februari amekuwa akija mapema. Hukaa, hutazama dirishani, husema, "Soma, basi, kama unasoma," kana kwamba mimi ndiye niliyemshika mguu. Maneno ya mlimani alikuwa akiyatupa akiwa ameshasimama, mkono kwenye komeo. "Mwambie kuna antilalo. Usiseme ni mimi." Siku ile aliposikia Melbourne hakutupa chochote.

Nilipomsomea la antigamo, aliweka kikombe chini. Akasema, "Bila taji hakuna harusi. Bila harusi hakuna antigamo. Aandike hivyo."

Nikamwambia, "Manusos, mtoto ameapa mbele ya meya na anaishi vizuri na mume wake. Kijana hasali, akakataa kusimama mbele ya padri akaigiza. Huo ni uongo au ukweli?"

"Ni aibu."

"Nimekuuliza uongo au ukweli."

"Urania, wewe mjane hujui."

"Najua. Mume wangu nilimvalisha taji kanisani na kwenda kumzika kanisani, na katikati nilimwona usoni kila siku. Wewe una binti mmoja. Septemba utakuwa unamwona wapi, kwenye picha?"

Akaondoka. Kitambaa chake cha kichwa alikiacha kwenye kiti, na Manusos bila kitambaa ni sawa na mimi kutoka bila viatu. Nimekitundika msumarini kinamsubiri. Hajaja tena. Naona moshi wake tu, nami kwa hasira sipeleki mguu.

Samahani mwanangu. Nilitaka kukuletea neno moja na nimekupotezea hata yale uliyokuwa unayapata.

Shangazi yako


Thesaloniki, 3 Julai 1984

Shangazi, shikamoo,

Nisalimie wote, leo siwezi kuanza na hali ya hewa.

Jana umefika mzigo kwa posta, umeshonwa kwenye gunia na sindano ya kushonea matandiko ya punda. Hakuna barua ndani, hakuna jina. Ni mkate wa duara, shangazi! Mkate wenye nakshi, mgumu kama kizingiti, umeungua upande mmoja. Maua yake nayatambua. Kuna na kuku wanne wa unga pembeni, wanene, mmoja ana miguu mitatu. Nimeoka na wewe maisha yangu yote, najua si mkono wako. Wala si mkono wa mwanamke yeyote wa Aspri Petra.

Sasa sikia balaa. Mzigo ulifika mimi nikiwa kazini. Stergios akaufungua, na mtu wa kaskazini anajua nini? Narudi nyumbani namkuta kwenye roshani ana gazeti na kahawa, anachovya.

"Shangazi yako katuma biskuti," anasema. "Ngumu, lakini mdalasini wake safi."

Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Nilipomweleza, alitema alichokuwa nacho mdomoni, akakiangalia mkononi, akauliza kama kinaweza kubandikwa. Robo nzima imekwenda! Sasa hivi amekaa kitandani mikono magotini, anasema ataandika barua ya kuomba radhi kwa kila mtu wa Krete.

Nacheka na kulia kwa pamoja, lakini naogopa kweli. Mkate huletwa mzima mlangoni. Yeye ni mtu wa kushika desturi, kwa desturi alinifungia na kwa desturi ameninyooshea mkono, na sisi tumeitafuna desturi na kahawa. Akisikia atadhani tunamcheka. Tusiposema, ataona mwenyewe mlangoni. Niambie tufanye nini. Tafadhali, msomee kwa sauti kama amerudi. Kama hajarudi, panda.

Rodanthi


Aspri Petra, 16 Julai 1984

Rodanthi,

Urania kakataa kuandika. Kasema mkono ninao. Kitambaa changu pia kakishikilia mpaka barua hii ipelekwe posta.

Mimi mzima. Kondoo wazima. Maji ni kidogo mwaka huu.

Wale ni kware, siyo kuku. Mguu wa tatu ni mkia. Mama yako ndiye angeoka, nami nilikuwa nikimtazama tu, sikujua unga unanata namna ile. Ule uliopata ndio uliokuwa bora. Mingine wamekula nguruwe wa Bi Stamatia.

Kuhusu mumeo, yaani mkwe wangu. Babu yako mzaa mama alikuwa na njaa akaumaliza mkate wa antigamo njiani, juu ya punda, wakafika mikono mitupu. Walikalishwa. Leteni uliobaki. Mwambie anayechovya mkate ule kwenye kahawa ana meno, na mtu mwenye meno nina nyama ya kumpa. Asiandike barua.

Njooni Jumapili baada ya sikukuu ya Bikira ya Agosti, mfungo ukiwa umekwisha. Moto nitauwasha alfajiri. Meya wenu sitamtaja. Padri naye hatamtaja, nimeshamwambia.

Uliuliza inavyokuwa kwa baba. Kwenye harusi baba anatazama mgongo wa mtoto wake ukielekea madhabahuni, na watu wanampa pombe ya raki asione vizuri. Antigamo ndiyo siku anayouona uso. Andika hivyo, mwache mzee wako akate anachotaka.

Kuhusu Melbourne. Nilikwenda kwa mwalimu, akanionyesha kwenye ule mpira wa dunia wa shule. Nikamwambia, "Hiyo ni chini kabisa." Akasema hakuna chini, na kwamba watu wa upande ule wana jina la zamani la kwetu, antipodes, nalo linaanza na anti-, maana yake ni wale ambao nyayo zao zimeelekeana na nyayo zetu. Sisi tumesimama hapa, wao wamesimama pale, katikati udongo. Nakuletea hilo, kama huna.

Nilimuuliza, je, ukiwa Melbourne utakuwa umeelekeana na Aspri Petra hasa. Akapima kwa kidole akasema hapana, si sawasawa, pamepinda.

Haidhuru. Nitasogea.

Baba yako,
Manusos